Pawatila za bei mbaya: unalipia mbwembwe au unalipia kazi?

Kila maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, kuna bishano moja haliishi. Watu wamezunguka pawatila, yaani katrekta ka magurudumu mawili ka kushika kwa mikono, kubwa ya dizeli, rangi mpya, taa mbele, stata ya betri, kiti nyuma, mtu anauliza bei anatajiwa, anaguna, anacheka, anasogea banda la pili ambako kuna kamashine ka petroli kadogo, bei yake haikaribii hata nusu, na kenyewe kanalima. Hoja yao ni nyepesi: zote zina injini, zote zinazungusha visu, zote unashika mikono miwili unafuata nyuma, sasa hizo milioni za juu unalipia nini kama si taa na stika?

Hoja hii naisikia sana hapa Dodoma na Singida na wengi wanaoitoa si watu wa maneno matupu, ni watu wanaolima kweli. Ila naona upande wa pili unanyimwa haki yake, na wa kwanza kuunyima ni wauzaji wenyewe, maana muuzaji akikukamata anaanza kukuonyesha taa. Taa! Nani analima usiku Mvumi?

Tuanze na wanaosema ni hela ya kutupa, maana hawajalitoa hewani, wana kumbukumbu. Kilimo Kwanza, ule mpango wa serikali wa kuinua kilimo, ilipokuja 2009, enzi za Rais Kikwete, pawatila zilisambazwa halmashauri nyingi tu, na waliokuwepo wanakumbuka nyingi zilivyoishia: zinabeba matofali, zinabeba madumu ya maji, zinabeba watu wa harusi, shambani huzioni. Haikuwa uvivu wa mkulima. Pawatila kwao ni kwenye majaruba ya mpunga huko Asia, udongo umeloa, visu vinazama vyenyewe. Ukiichukua ile ile ukaileta Chamwino mwezi wa 11, ardhi haijaona mvua tangu mwezi wa 4, imepigwa jua na kukanyagwa na ng'ombe miezi yote hiyo, itaruka ruka tu juu juu. Mashine ya hosipawa (kipimo cha nguvu ya injini) 12 au 15 haina uzito wa kubishana na ardhi ya hivyo, uwe umeinunua kwa bei yoyote. Anayekuambia pawatila yake inalima udongo mkavu wa huku kwa sababu ni ya bei, mkimbie.

Halafu kuna suala la kukaa bure. Mvua zetu msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, milimita 500 na ushee mpaka 600 kwa mwaka mzima, na Februari mara nyingi inakata katikati watu wanabaki wanaangalia juu. Kazi ya kulima na kupanda ni wiki chache, zinazobaki mashine imelala kwenye banda kuku wanatagia kwenye kiti. Mkopo wenyewe haulali. Mvua ikigoma mwaka mmoja tu, umebaki na deni na chuma.

Na mbadala upo. Jozi ya maksai nguvu yake ni kama hosipawa moja hivi, ndogo kweli, lakini inakula majani, na plau likivunjika fundi wa kuchomelea yeyote Kibaigwa analirudisha siku hiyo hiyo. Trekta la kukodi ekari moja linamaliza ndani ya saa moja. Na wapo wanaoberega tu, wanapanda bila kulima, mtama unaota, maisha yanaenda.

Sasa hizo hoja zote tatu mimi nazikubali, na bado nasema hazijajibu swali. Ziangalie vizuri: zinapinga pawatila, hazipingi pawatila ya bei. Udongo mgumu unaishinda ya bei na unaishinda zaidi ya rahisi. Msimu mfupi unaziumiza zote. Maksai ni mpinzani wa zote. Mtu aliyeshaamua kwamba anataka pawatila, labda ana zabibu Hombolo, labda ana jaruba Bahi, labda wamejiunga kikundi, huyo swali lake ni lingine kabisa: hii au ile? Na hapo ndo naona watu wanapiga hesabu ya dukani badala ya hesabu ya shambani.

Hesabu ya shambani ni hii, na ikishakuingia kichwani haitoki. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mashine ambayo visu vyake vinalima upana wa sentimita 60, na huo ni upana wa kawaida sana, inabidi ipite mara ngapi kuimaliza? Gawanya 4,047 kwa 0.6, unapata mita 6,745. Yaani kilomita 6.7 za kutembea nyuma ya mashine inayotetemeka, kwenye udongo uliotifuliwa ambao mguu unazama, kwa ekari MOJA. Ukifunga plau moja la kukata sentimita 25, inakuwa kilomita 16. Ekari tano kwa rotaveta, yaani hivyo visu vya kuzunguka, ya sentimita 60 ni kilomita 33 na zaidi, ukianzia mjini Dodoma unakaribia Chamwino Ikulu, kwa miguu, umeshikilia dizeli inayopiga kelele. Sasa rudi ukakitazame kile kiti ambacho watu wanakicheka. Kile kiti chenye kagurudumu nyuma si starehe ya bosi, ni tofauti ya dereva anayelima ekari mbili kesho na dereva ambaye kesho haamki.

Na bado hatujageuza. Shamba la ekari moja likiwa mraba, kila upande una mita 63 na kitu. Kwa upana wa sentimita 60 unapita mara 106 hivi, maana yake unageuza mara 105. Mara mia na tano! Mashine kubwa ya magurudumu mawili ikiwa na rotaveta yake ina kilo 300, 400 na zaidi, huinui hiyo. Ndo maana zile za maana zina klachi za pembeni, kile kikono kidogo chini ya kila mshikio, ukikibana cha kushoto gurudumu la kushoto linaachwa, la kulia linaendelea kusukuma, mashine inajigeuza yenyewe pale pale. Kuna mashine za kati, bei nafuu, zina magurudumu yanayoendeshwa lakini hiki kitu hazina, gurudumu zote mbili zimefungwa ekseli moja, kwa hiyo mwisho wa kila mstari unapiga mweleka na kilo zaidi ya mia. Tuseme kugeuza kwa klachi ni sekunde 10, kwa mweleka ni nusu dakika. Mara 105. Ya kwanza dakika 17 na kitu, ya pili dakika 52. Zaidi ya nusu saa kwa kila ekari imeishia kwenye kona, hailimi, inachoma mafuta na mgongo wa mtu. (Dawa ya bure: lima kufuata urefu. Shamba la mita 100 kwa 40 ukifuata urefu unageuza mara 66 tu, na hii hata mwenye maksai anaijua.)

Tahadhari moja hapa kwa watu wa Kondoa na Mpwapwa na kote kwenye miteremko, maana wauzaji hawaisemi: ukiwa unashuka mlima, klachi ya pembeni inageuza kinyume. Ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linakuwa huru linakimbia, la kulia limezuiliwa na injini, mashine inaenda kulia. Watu wameshaingia korongoni na trela zima kwa kutojua hili. Kwenye mteremko punguza gia, geuza kwa mshikio, klachi ziache.

Cha ajabu mabishano haya si yetu peke yetu. Nchi za baridi, Marekani ya kaskazini na Kanada, wana snoubloa, mashine ya kusukuma kwa mkono inayokwangua theluji mbele ya nyumba na kuirusha pembeni, ukiitazama umbo lake ni pawatila kabisa: injini juu, magurudumu mawili, mishikio miwili, kinachozunguka kiko mbele badala ya nyuma. Na wao kuna za bei ya kawaida na kuna za zaidi ya dola 3,000, za Honda mathalani, ambazo gia zake ni za haidroliki, unaongeza na kupunguza mwendo bila kubadili gia. Ariens wao wana mfumo wanauita Auto-Turn, unahisi mwenyewe unataka kukata kona na kuachia gurudumu la upande huo. Na wanaocheka wapo na huko, wanauliza kwa nini utoe hela yote hiyo kwa mashine ya siku chache za mwaka. Ila angalia kazi ngumu kwao iko wapi: greda la manispaa likipita barabarani linasukuma theluji na kuacha ukuta mgumu mdomoni mwa geti lako, asubuhi, na wewe unatakiwa kazini. Mashine nyepesi inaupanda ule ukuta badala ya kuuchimba. Kwa hiyo kule na huku hela inayoenda kwenye uzito, kwenye gia na kwenye kugeuza inarudi, na inayoenda kwenye mishikio ya kupasha mikono joto ni ya kujipenda tu, ingawa kwa baridi yao sitabisha sana.

Kuhusu uzito, hapa ndo kale kamashine ka petroli kanapoumbuka kwetu. Vingi vya vile vidogo havina magurudumu ya kuendesha, visu ndo miguu yake. Visu vinachimba na hivyo hivyo vinaivuta mbele. Kwenye bustani ya mchicha iliyolowa, raha. Kwenye ardhi iliyoshika, visu vikikosa pa kuingia vinageuka magurudumu, mashine inakimbia na wewe unaning'inia nyuma unaizuia kwa kile kichuma cha breki kinachoburuzwa. Kubwa yenyewe magurudumu yanaamua mwendo, visu vinazunguka kwa gia yao nyingine, ndo maana inaweza kutembea polepole huku visu vinakata kwa kasi. Hizi ni mashine mbili tofauti kwa namna zinavyofanya kazi, kulinganisha bei zake kwa vile zote zina visu ni kulinganisha bodaboda na Fuso kwa vile zote zinakwenda Kongwa.

Na Dodoma tuko juu, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Dizeli na petroli zote zinaguswa. Lakini aliyenunua hosipawa 15 akibaki na 13 bado analima, aliyenunua 7 za kwenye boksi (na za kwenye boksi mara nyingi ni za kuambiwa) akibaki na 6 ameshaingia kwenye shida.

Kitu kingine ambacho ningekilipia bila kuuliza mara mbili ni rejeta. Injini nyingi za silinda moja za Kichina zinapozwa kwa maji yaliyo wazi kwenye tangi juu, yanachemka yanatoka mvuke, unaongeza, yanachemka tena. Ni teknolojia ya kijanja, hakuna pampu, hakuna feni, hakuna cha kuharibika. Ila inakunywa maji siku nzima, na wewe uko shambani Bahi au Manyoni, ndoo ya maji ni safari. Ya rejeta inazungusha maji yale yale. Kwa Mbarali kwenye mfereji pembeni ya jaruba nisingehangaika nayo.

Stata ya betri ndo naungana na wanaocheka. Mashine imelala miezi tisa, betri inakuwa imekufa kabla ya mvua ya kwanza, unarudi kwenye hendeli ya kuzungusha kwa mkono kama kila mtu. Kama hendeli ipo, sawa, lakini ukikuta mashine imeondolewa kabisa sehemu ya kuingizia hendeli kwa sababu ni ya kisasa, iache hapo hapo. Taa tumeshasema. Rangi, stika, kioo cha kuonyesha saa za injini, kuna mtu atakuambia ni muhimu kwa kufuatilia oili, na ni kweli, ila daftari na kalamu vinafanya kazi hiyo. Cha usalama usikidharau: mashine nzuri ukiweka rivasi visu vinagoma kuzunguka. Za ovyo visu vinaendelea, na nyuma ya visu ni miguu yako.

Spea ndo hoja nzito kuliko zote kwa upande wa rahisi. Ile injini ya Kichina ya silinda moja ya kulala ndo hiyo hiyo inayosaga unga kwenye mashine za vijijini. Kila fundi anaijua, ringi zake, nozeli yake, gasket yake, unazipata Kibaigwa, unazipata Manyoni, pengine unazipata kwa muuza baiskeli. Pawatila ya Kijapani yenye jina ikivunjika kitu cha ndani ya gia boksi, fundi wetu anaitazama kwa heshima halafu anakuambia piga simu Dar. Na ikitokea hiyo wiki ya pili ya Desemba, mvua imenyesha, udongo umelainika, jirani anapanda, wewe unasubiri kifurushi kwenye basi. Wiki moja ya kusubiri kwetu ni sehemu kubwa ya msimu, kwa sababu mvua za mwanzo zikikupita mbegu yako inakuja kukutana na ule ukame wa Februari ikiwa changa. Hapo bei kubwa haijakusaidia chochote, tena imekuumiza.

Lakini hoja hii nayo igeuze uione upande wa pili. Kinachovunjika sana kwenye pawatila za rahisi si injini, injini kweli ni ngumu, ni vitu vinavyoizunguka: sili za gia boksi zinavuja oili, beringi za rotaveta zinaingia vumbi, mnyororo wa rotaveta, boliti za visu zinakatika. Vumbi la Dodoma halina huruma na sili mbovu. Kwa hiyo mwenye ya rahisi anasimama mara nyingi kwa muda mfupi, mwenye ya bei anasimama mara chache kwa muda mrefu. Nani ana hali mbaya zaidi? Inategemea kama mwenye ya bei alinunua sili, mkanda na seti ya visu siku ile ile aliyonunua mashine. Wengi hawafanyi hivyo kwa sababu wameshatumia hela yote kwenye mashine, na muuzaji hawaambii. Mimi ningependelea mtu achukue ya daraja la kati, yenye klachi za pembeni na gia boksi ya kueleweka na injini ile ile ya kusagia unga, halafu ile tofauti ya bei aigeuze spea azifungie kwenye sanduku. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kule Arusha, kupima zana za kilimo ni kazi yao mojawapo, kumuuliza muuzaji kama mashine yake imepimwa huko na kuomba kuona karatasi si kumkosea adabu.

Wazee wa zabibu wao kesi yao iko wazi zaidi kuliko ya mtu wa mtama. Katikati ya mistari ya zabibu trekta kubwa halipiti, au linapita na kuondoka na nguzo na waya. Maksai wanageuka kula majani ya mizabibu. Na zabibu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, kazi ya magugu haiishi, kwa hiyo ile hoja ya mashine kulala miezi tisa kwa mtu wa Hombolo au Mpunguzi haina nguvu. Huyu akinunua nzuri, yenye rotaveta inayopunguzwa upana na mshikio unaogeuzwa pembeni asikanyage alikolima, sioni wa kumcheka. Mtu wa mpunga Bahi vile vile, huyo yuko kwenye udongo ambao mashine ilizaliwa kwa ajili yake, na magurudumu ya chuma ya kwenye tope ayachukue.

Na zile pawatila za Kilimo Kwanza zilizobeba matofali, nadhani tulizicheka bure. Mkulima aliona ardhi imegoma, akaona trela haijagoma, akabeba. Mashine ya mkopo inayobeba maji Juni na mahindi Julai inalipa deni miezi ambayo shambani haina kazi. Kwa hesabu hiyo trela yenye breki zake yenyewe ni kitu cha kulipia kabla ya stata.

Mwenye ekari mbili au tatu za mtama na alizeti, asinunue yoyote kati ya hizi. Akodi. Shida ya kukodi ni foleni tu, mwenye trekta anaanza na wenye mashamba makubwa ya Kongwa, wewe wa ekari mbili unafikiwa mbegu za wenzako zimeshaota, kwa hiyo lipia mapema au mjipange majirani kumi awakute sehemu moja. Kikundi chenye ekari za kutosha na dereva mmoja anayejulikana, huyo ndo namwambia aende kwenye ya bei bila aibu, maana kilomita zile za kutembea kwake zinazidishwa kila siku ya msimu.

Kinachonisumbua mpaka leo ni mkopo. Mfuko wa Pembejeo wa serikali umekuwa ukikopesha hadi pawatila, sawa, na ni jambo zuri, lakini mkulima wa huku hela yake inaingia Juni na Julai baada ya kuvuna, Januari mfukoni ana madeni ya mbegu. Ukisaini marejesho ya kila mwezi kwa mashine yoyote, ya Kijapani au ya Kichina, hakikisha kwanza trela ina mzigo wa kubeba Novemba.